Mota Imechoka, Mama Amechoka

Tusekile ana miaka sita. Nyumbani wote humwita Tuse.

Tuse anaishi Tukuyu, mahali penye mvua nyingi. Mvua hunyesha asubuhi. Mvua hunyesha jioni. Mabati ya nyumba yao huimba cha-cha-cha, cha-cha-cha.

Baba yake Tuse ni fundi cherehani. Hushonea hapo hapo nyumbani, karibu na dirisha. Cherehani yake husema tiki-tiki-tiki.

Mama yake Tuse ni daktari wa ng'ombe. Huendesha gari kutwa nzima, mlima huu, bonde lile. Ng'ombe wa huyu anakohoa. Ndama wa yule hataki kunyonya. Wote wanampigia Mama simu.

Jioni Mama hurudi. Gari lina matope. Mabuti yana matope. Siku nyingine hata sikio lina matope.

Ubavuni mwa nyumba kuna gereji. Hicho ndicho chumba cha gari. Kina mlango mkubwa wa chuma, na juu, karibu na dari, kuna mota.

Zamani Mama alikuwa anabonyeza rimoti mara moja tu. Mota ilivuta mnyororo. Mnyororo ulivuta mlango. Mlango ulipanda juu, gari likaingia.

Lakini siku hizi mota imezeeka. Ilikuwamo humo gereji hata kabla Tuse hajazaliwa.

*

Alhamisi jioni mvua ilikuwa inanyesha. Tuse alikuwa dirishani. Akaona taa mbili za gari zinakuja polepole, polepole, hadi mbele ya gereji.

"Mama amekuja!" akasema Tuse.

Mama akabonyeza rimoti.

Ngrrr... kwichi, kwichi... ko!

Mlango ukapanda kidogo. Ukasimama.

Mama akabonyeza tena.

Ngrrr... kwichi, kwichi... ko!

Mlango ukashuka kidogo. Ukasimama.

Mama akazima gari. Akaegemeza kichwa kwenye usukani. Akakaa hivyo hivyo, kimya.

Tuse akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Alifika ishirini. Mama alikuwa bado ameegemeza kichwa.

"Baba," akasema Tuse. "Mama hatoki kwenye gari."

Baba akaacha cherehani. Akachukua mwavuli. Tuse akamshika mkono, wakatoka.

Baba akaingia gereji kwa mlango mdogo wa pembeni. Akavuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota. Ta! Mota ikauachia mlango. Sasa ilibidi kuunyanyua kwa mikono.

Mama akashuka garini. Akashika upande huu. Baba akashika upande ule.

"Moja, mbili, haya!"

Mlango ukapanda. Mgongo wa Baba ukalia ka!

"Aa, mgongo wangu," akasema Baba.

Gari likaingia. Mlango ukashushwa. Puu!

Baba akaitazama mota. Akatikisa kichwa.

"Mota hii imezeeka," akasema. "Imechoka. Haifai tena. Jumamosi fundi aje aitoe, atuwekee mpya."

"Na hii itakwenda wapi?" akauliza Tuse.

"Fundi ataondoka nayo," akasema Baba.

Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Buti moja lilikuwa mkononi. Buti la pili lilikuwa bado mguuni. Hakuwa na nguvu za kulivua.

"Hata mimi nimechoka," akasema Mama. "Nimechoka kama mota hiyo."

Baba akacheka kidogo. Mama naye akacheka kidogo.

Tuse hakucheka. Moyo wake ulidunda du!

Mota imechoka. Fundi ataiondoa. Italetwa mpya.

Mama amechoka. Fundi ata...

Tuse hakutaka kumalizia.

*

Ijumaa asubuhi Tuse alikunywa uji wake polepole. Aliwaza, akawaza, akawaza.

Mota imechoka.
Mama amechoka.
Kesho fundi anakuja.

"Fundi asijue," akajisemea Tuse. "Asijue kabisa kwamba Mama amechoka."

Jioni gari likaja. Mvua ilikuwa bado inanyesha.

Ngrrr... kwichi, kwichi... ko!

"Moja, mbili, haya!" akasema Baba.

Ka! ukalia mgongo.

Mama alipoingia tu ndani, Tuse akamkimbilia. Akamvua buti la kwanza. Akamvua buti la pili. Akamletea kandambili. Akamletea maji. Akataka kumbebea na mkoba wake wa dawa, lakini mkoba ulikuwa mzito kama mbuzi. Akauburuta hadi kwenye kona.

"Leo una nini wewe?" akauliza Mama.

"Sina kitu," akasema Tuse.

Wakakaa kula. Kulikuwa na ndizi za kupika na maharage. Mama akainua kijiko. Kijiko kikabaki hewani. Mdomo ukafunguka.

"Aaaaauuuh..."

Tuse akaruka. Akauziba mdomo wa Mama kwa mikono yote miwili.

"Usipige mwayo!"

"Mm? Mm-mm?" akauliza Mama ndani ya mikono.

"Watu watasikia," Tuse akanong'ona.

"Watu gani?"

Tuse akatazama dirisha.

Mama akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Macho yakaanza kufumba. Kope zilishuka kidogo, zikashuka tena, zikafunga.

Tuse akasogea. Akaweka kidole kwenye kope ya kulia. Akaweka kidole kwenye kope ya kushoto. Akazinyanyua taratibu.

"Tuse. Unafanya nini?"

"Nakufungua macho."

Mama akamtazama.

"Umechoka, Mama?" akauliza Tuse, kwa sauti ndogo sana.

"Nimechoka, Tuse."

"Usiseme hivyo."

Mama akaweka kijiko chini. Alitaka kuuliza kitu. Lakini simu ikalia kri-kri, kri-kri.

"Haloo," akasema Mama. "Ndiyo, ni mimi. Bado hajazaa? Basi mwacheni apumzike. Kabla jua halijachomoza nitakuwa hapo."

Akaweka simu mezani. Akalaza kichwa chake kando ya simu.

Baba na Tuse wakatazamana. Juu, mabati yaliendelea kuimba cha-cha-cha.

*

Jumamosi Tuse aliamka mapema. Akakimbia hadi chumbani kwa Mama.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Du! ukadunda moyo wake. Fundi ameshakuja!

"Baba! Mama yuko wapi?"

"Amekwenda kuzalisha ng'ombe," Baba akajibu kutoka jikoni. "Atarudi sasa hivi."

Tuse akakaa kizingitini. Akangoja. Ukungu ulikuwa mwingi, mti wa jirani hauonekani.

Saa tatu gari likaja. Likasimama mbele ya mlango wa gereji. Mama hakubonyeza hata rimoti. Aliliacha gari hapo hapo.

Akaingia sebuleni na koti lake la mvua.

"Amezaa ndama jike," akasema Mama. "Mzuri huyo! Ana doa jeupe kwenye..."

Hakumaliza. Alikuwa amekaa kwenye kochi, na usingizi ulishamchukua.

Koroo... pyuu. Koroo... pyuu.

"Mama," akanong'ona Tuse. "Mama, usilale hapa. Amka. Fundi anakuja."

Koroo... pyuu.

Na hapo hapo mlango ukagongwa. Ko-ko-ko!

"Hodi!" ikasema sauti nje. "Hodi wenyewe! Ni fundi."

"Mfungulie, Tuse!" Baba akaita kutoka jikoni. "Nakaanga chapati, zitaungua."

Tuse akatazama mlango. Akamtazama Mama. Akatazama huku, akatazama kule.

Karibu na cherehani kulikuwa na lundo la nguo za kushonwa. Tuse akachukua koti la mwalimu. Akamfunika Mama miguu. Akachukua sketi tano za shule. Akamfunika tumbo. Akachukua pazia moja refu la kijani. Akamfunika Mama kichwa.

Sasa Mama hakuonekana. Kwenye kochi kulikuwa na nguo tu.

Tuse akaenda kufungua.

Mlangoni alisimama mzee mwembamba. Begani alikuwa na ngazi. Mkono mmoja ulishika boksi, mwingine ulishika mfuko wa vifaa. Huyu alikuwa Fundi Ambwene.

"Shikamoo," akasema Tuse.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema Fundi Ambwene. Akashusha ngazi. Akashusha pumzi. "Uuuh. Kilima chenu hiki! Haya, niambie. Kiko wapi hicho kilichochoka?"

"Hapa hakuna kilichochoka," akasema Tuse haraka.

"Eh! Lakini baba yako alinipigia simu."

"Ni mota tu. Mota peke yake."

"Basi mota," akasema Fundi. "Lakini gari limeziba mlango wa gereji. Ngazi yangu haitapita hapo, wala kwenye mlango mdogo wa pembeni. Funguo za gari anazo nani?"

"Mama."

"Na Mama yuko wapi?"

Tuse akatazama dari.

"Hayupo."

Koroo... pyuu, zikasema nguo.

Fundi Ambwene akageuza shingo. Akatazama kochi.

"Mjukuu wangu. Nguo zenu zinakoroma?"

"Ndiyo," akasema Tuse.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Koroo... pyuu. Sketi moja ikateleza. Ikaanguka sakafuni. Mkono wa Mama ukatokea, na vidole vyake vyenye matope.

Tuse akakimbia. Akasimama mbele ya kochi. Akatanua mikono yote miwili.

"Usimchukue!" akalia. "Hajazeeka! Amechoka kidogo tu. Bado anafanya kazi! Leo ametoa ndama!"

Fundi Ambwene akaweka boksi chini. Akaweka mfuko chini. Akapiga magoti polepole. Magoti yake yakalia kwichi-kwichi.

"Nani amesema namchukua mama yako?"

"Baba," akasema Tuse huku machozi yanamtiririka. "Baba alisema imechoka, haifai, fundi aitoe, aweke mpya. Na Mama akasema amechoka kama mota. Mimi sitaki mama mpya. Namtaka huyu, wa matope."

Baba alikuwa amefika mlangoni mwa jiko. Mkononi alikuwa na mwiko. Nyuma yake chapati ilianza kuungua, na hakuisikia harufu.

Pazia la kijani likasogea. Mama akainuka. Nywele zilikuwa zimesimama. Shavuni kulikuwa na alama ya kifungo.

"Tuse," akasema Mama. "Njoo hapa."

Tuse akapanda kochini, katikati ya sketi na koti la mwalimu. Mama akamkumbatia. Mama alinuka mvua, sabuni ya dawa na ng'ombe.

"Sikiliza," akasema Mama. "Mota ni chuma. Ikichoka, hata uiache mwezi mzima, haiponi. Mimi ni mtu. Nikichoka nalala. Nikilala napona."

Tuse akafikiri.

"Lakini unalala kila siku," akasema. "Na kila asubuhi unaamka umechoka."

Mama akamtazama Baba.

Nje mvua ilikuwa imetulia.

"Anasema kweli," akasema Baba taratibu.

"Anasema kweli," akasema Mama.

Fundi Ambwene alikuwa bado amepiga magoti. Akamtazama Tuse.

"Mimi nina miaka sitini na nane," akasema. "Magoti yangu umeyasikia. Kila siku nafungua maboksi. Boksi la mota, boksi la pasi, boksi la feni. Sijawahi kufungua boksi nikakuta mama. Hawauzwi, mjukuu wangu. Hakuna duka lenye mama. Kwa hiyo huyo ni wenu, na mimi nataka funguo tu."

Tuse akajifuta kamasi kwa mkono.

"Funguo tu?"

"Funguo tu. Na kama ipo, chai."

Mama akatoa funguo mfukoni mwa koti la mvua. Akampa Baba. Kisha akatoa simu. Akaitazama kwa muda mrefu. Akabonyeza namba.

"Daktari Lusajo?" akasema. "Ni mimi. Naomba unisaidie. Leo na kesho uwatazame ng'ombe wangu." Akasikiliza kidogo. "Hapana, siumwi. Nimechoka."

Simu ikasema kitu. Mama akatikisa kichwa. Akatabasamu kidogo.

"Kasemaje?" akauliza Tuse.

"Kasema amengoja miaka mitatu nimwombe."

Mama akakata simu, akaiacha mezani. Akaingia chumbani. Safari hii alivua koti. Akavua soksi. Akajilaza kitandani vizuri, akajifunika mwenyewe.

Tuse akafunga mlango polepole, polepole, usilie hata kidogo.

*

Sasa kazi ikaanza. Lakini ilikuwa kazi ya kunong'ona.

"Tafadhali usigonge kwa nguvu," akanong'ona Tuse. "Mama amelala."

"Sawa," akanong'ona Fundi Ambwene.

Baba akasogeza gari. Wakaunyanyua mlango kwa mikono, ngazi ikaingia. Fundi akashusha mlango wa gereji hadi chini. Akazima umeme. Akapanda ngazi, kipandio kimoja, akapumzika. Kipandio cha pili, akapumzika.

"Na wewe umechoka?" akanong'ona Tuse.

"Sana," akanong'ona Fundi. "Jana nilifunga pampu mbili. Nikimaliza hapa, nakwenda nyumbani kulala."

Fundi akalegeza nati. Kwi. Nati moja, nati mbili, nati tatu, nati nne. Akamdondoshea Baba, moja moja, kwenye kofia.

Kisha wakaishusha mota ya zamani. Ilikuwa na vumbi na utando wa buibui. Mnyororo wake ulikuwa umelegea kama mkufu mkubwa.

Waliiweka sakafuni. Tuse akachuchumaa. Akaigusa kwa kidole.

"Inaumwa?"

"Haiumwi," akasema Fundi. "Imekwisha tu. Meno yake ya ndani yameliwa. Angalia."

Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na gurudumu dogo lenye meno. Upande mmoja meno yalikuwepo. Upande mwingine hayakuwepo kabisa, palikuwa laini kama kijiko.

"Lo!" akasema Tuse. "Ilikuwa inavuta mlango bila meno?"

"Bila meno. Kwa miaka."

"Pole," Tuse akaiambia mota.

Mota mpya ilitoka kwenye boksi. Ilikuwa nyeupe. Haikuwa na mnyororo. Ilikuwa na mkanda mweusi wa mpira.

"Mkanda haupigi kelele," akasema Fundi.

Wakaipandisha. Fundi akakaza nati. Nati moja, nati mbili, nati tatu, nati nne. Akafunga nyaya. Akashuka kipandio kimoja, akapumzika. Akawasha umeme, akaupandisha mlango juu.

"Sasa tunaipima," akasema. "Nani ana kitu kirefu, kisichovunjika?"

Baba akaleta kipande cha mbao. Fundi akakiweka chini, mlangoni. Akabonyeza kitufe cha ukutani.

Zzzzzzz.

Mlango ukashuka taratibu. Ukaigusa mbao. Ukasimama. Kisha ukarudi juu wenyewe!

"Umeona?" akasema Fundi. "Ukimgusa mtu, unarudi. Mota ya zamani haikujua hilo. Hata hivyo, mlango ukitembea, wewe kaa mbali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," akasema Tuse. "Nikae mbali."

"Vizuri. Haya, simama hapa kando yangu. Bonyeza mara moja."

Baba akaondoa mbao. Tuse akabonyeza.

Zzzzzzz.

Mlango ukashuka mpaka chini. Haukukwama. Haukulia. Mgongo wa Baba nao haukulia.

Baba akaleta chai na chapati. Moja ilikuwa imeungua. Baba akaila yeye. Fundi Ambwene akanywa vikombe viwili, bila haraka, akiwa amekaa juu ya ile ndoo. Akaifunga mota ya zamani kwenye gunia. Akaichukua.

"Kwaheri, mjukuu wangu."

"Kwaheri, Fundi. Ukifika nyumbani ulale."

"Nitalala," akasema Fundi. Akateremka kilima, ngazi begani, polepole.

*

Mama alilala mchana. Tuse akaenda kuchungulia. Mama alikuwa amelala upande wa kulia.

Alasiri Tuse akaenda tena. Mama alikuwa amelala upande wa kushoto.

Simu ya Mama ililia mara mbili. Baba akaipokea mara mbili. "Mpigieni Daktari Lusajo," akasema Baba. "Mke wangu amelala."

Mvua ikaanza tena. Cha-cha-cha. Baba hakuwasha cherehani. Alishona vifungo kwa mkono, kimya kimya. Tuse alimtungia uzi kwenye sindano. Uzi uliingia mara ya saba.

Jioni mlango wa chumba ukafunguka. Mama akatokea. Alama ya kifungo shavuni ilikuwa imefutika. Macho yalikuwa wazi, na hakuna aliyeyafungua kwa vidole.

Tuse akamtazama kwa makini. Akatazama jicho moja. Akatazama la pili.

"Bado umechoka?"

"Bado kidogo," akasema Mama.

"Basi rudi ulale."

"Nitarudi. Kwanza nina njaa."

Wakala wali na njegere. Mama akala sahani moja. Akaongeza. Akaongeza tena. Baba akasukuma sufuria yote mbele yake.

"Yule ndama," akasema Tuse. "Doa lake jeupe liko wapi? Hukumaliza."

"Kwenye pua," akasema Mama. "Kama amechovya pua kwenye maziwa."

Tuse akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Alhamisi.

Baada ya kula, Tuse alimpeleka Mama gereji. Baba akashika mwavuli. Tuse akamwonyesha Mama mahali pa kusimama.

"Hapa," akasema. "Sasa bonyeza. Mara moja tu."

Mama akabonyeza.

Zzzzzzz.

Mlango ukapanda hadi juu kabisa. Mama akangoja. Akangoja tena.

"Ndiyo basi?" akauliza.

"Ndiyo basi," akasema Tuse.

Mama alisimama tu, akautazama mlango ulio wazi na mvua inayonyesha nje. Mabega yake yakashuka.

Saa mbili usiku Tuse akapanda kitandani. Alikuwa amelia, ameficha mtu, amepokea fundi na amelinda usingizi wa watu kutwa nzima. Miguu ilikuwa mizito. Hata vidole vilikuwa vizito.

Mama akamfunika blanketi hadi kidevuni. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kesho unakwenda kwa ng'ombe?" akauliza Tuse.

"Kesho siendi."

"Utafanya nini?"

"Nitakaa. Nitakula. Nitalala tena mchana, kama wewe ulipokuwa mdogo."

"Mimi nitafunga mlango wa chumba," akasema Tuse. "Ninajua kuufunga usilie."

"Asante," akasema Mama.

Mama akajinyoosha kidogo kando yake, juu ya blanketi. Alitaka kukaa hapo mpaka Tuse apate usingizi. Lakini Mama ndiye aliyesinzia kwanza.

Koroo... pyuu.

Tuse hakumwamsha. Akasogea mpaka ukutani, akamwachia nafasi, akalala.